Betri ya laptopu ya mtumba: asilimia 100 ya dukani haitoshi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo mwaka wa pili, niko Dodoma. Nataka kununua HP EliteBook 840 G5 iliyokarabatiwa, imetoka Uingereza. Muuzaji wa Kariakoo anataka laki sita na nusu, na waranti ni wiki mbili. Kaka yangu alinunua kama hiyo mwaka jana. Dukani ilionyesha asilimia 100, lakini haukupita mwezi ikaanza kuzima ghafla ikifika asilimia 40. Muuzaji wangu anasema nikiongeza elfu sabini ataniwekea betri mpya orijino. Nitajuaje kama betri ni nzima kabla sijalipa? Hiyo elfu sabini niitoe? Na ikishindikana, naweza kuitumia kwa umeme tu bila betri?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na laptopu ya kaka yako. Ukielewa kwa nini inazima kwenye 40, utajua cha kutazama ukifika dukani, na utaona kwamba ile asilimia 100 aliyoonyeshwa haikuwa uongo. Ila haikuthibitisha chochote.

Ndani ya betri kuna kichipu kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha kinakadiria kilichobaki kwa kulinganisha na ujazo kinaodhani betri bado inao. Makadirio hayo hujisahihisha pale betri inapojazwa hadi juu kisha ikatumika hadi karibu na mwisho. Sasa tazama maisha ya EliteBook ya ofisini huko Uingereza. Imekaa mezani, imechomekwa kwenye umeme na skrini kubwa, betri iko asilimia 100 mchana na usiku kwa miaka mitatu au minne. Haikutumika, lakini ilizeeka. Betri za lithiamu huzeeka kwa kutumika na huzeeka kwa kukaa tu, na zinaumia zaidi zikikaa zimejaa kabisa huku mashine ina joto. Kwa kuwa haikushushwa chaji, kichipu nacho hakikupata nafasi ya kugundua kwamba ujazo umepungua. Kampuni ikanunua vifaa vipya, mashine ikalala ghalani, ikapanda kontena, ikafika Kariakoo na kumbukumbu za ujana wake.

Halafu kuna jambo la seli. Betri ya 840 G5, ile yenye namba SS03XL, ina seli tatu zilizopangwa mfululizo: volti 11.55 kwa jumla, wati-saa 50 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) ikiwa mpya. Seli hizo ni kama mbuzi watatu waliofungwa kamba moja, mwendo wao ni wa yule aliyechoka. Seli moja ikichakaa, ukinzani wake wa ndani hupanda. Ukiwa unaandika tu hutaona tofauti. Ukifungua video au programu nzito, mashine inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti ya seli dhaifu inaporomoka hadi kiwango cha hatari, na umeme unakatwa ili kuilinda. Zile mbili nyingine bado zina chaji, na kichipu kinasoma jumla. Ndiyo maana kaka yako anaona 40 na mara kioo cheusi.

Neno "imekarabatiwa" nalo lisikupumbaze. Mara nyingi maana yake ni kwamba imesafishwa, imewekewa SSD (diski ya kasi) na Windows, na kibodi iliyochubuka imebadilishwa. Betri hubaki ileile iliyokuja nayo, isipokuwa muuzaji aandike vinginevyo. Na gredi A wanayoitaja kwa kawaida inahusu mwonekano: mikwaruzo, mfuniko, kioo. Mashine ya gredi A inaweza kuwa na betri iliyokwisha, na ya gredi C iliyopigwapigwa ikawa na betri safi.

Sasa dukani. Kabla hujaiwasha, iweke juu ya meza iliyonyooka na uitazame kwa ubavu. Betri za aina hii zina seli laini zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki na alumini, na zikiharibika hutoa gesi na kuvimba. Kwenye EliteBook betri iko chini ya sehemu ya kuwekea viganja, hivyo dalili ya kwanza huwa ni padi ya kugusa kuinuka au kuwa ngumu kubonyezwa. Dalili nyingine ni mfuniko wa chini kuachia pembeni, mashine kuyumba mezani, au kioo kutofunga sawasawa. Ukiona hivyo, hakuna haja ya kipimo kingine. Betri iliyovimba haitumiki, haichajiwi, haibonyezwi irudi. Muuzaji akikwambia ni plastiki tu imelegea, mwombe aifungue mbele yako.

Ikiwa umbo ni zuri, iwashe ukiwa unabonyeza kitufe cha Esc, kisha F2. Hapo utaingia kwenye programu ya HP ya kupima vifaa, na ndani yake kuna kipimo cha betri. Ninaipenda kwa sababu haitegemei Windows, na inakupa jibu la moja kwa moja: betri ni nzima, inahitaji kusawazishwa, ni dhaifu, au ibadilishwe. Hupita kwa dakika chache. Na kama mashine inapowaka inatoa ujumbe wenye namba 601, hiyo ni HP yenyewe inakwambia betri imechoka. Kuna wauzaji wanaobonyeza Enter haraka ujumbe huo upite, kwa hiyo iwashe wewe.

Kisha ingia Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itatengeneza ukurasa na kukuonyesha umehifadhiwa wapi. Ufungue kwa kivinjari. Tafuta mistari mitatu. DESIGN CAPACITY ni ujazo wa kiwandani, kwa mashine yako utakuwa karibu 50,000 mWh, yaani wati-saa 50. FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo ambao kichipu kinaamini upo leo. CYCLE COUNT ni idadi ya mizunguko ya kujaza na kumaliza. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Ikitoka asilimia 80 au zaidi, ni nzuri kwa mashine ya mtumba. Kati ya 60 na 80 inatumika, ila iingie kwenye bei. Chini ya 60, hesabu kwamba unanunua laptopu isiyo na betri, na mwambie hivyo.

Nikupe maana yake kwa saa. Kuandika na kusoma kwenye intaneti, mashine ya aina hii hutumia kama wati 7 hadi 10. Wati-saa 50 zinakupa saa tano hadi saba. Wati-saa 30 zinakupa tatu hadi nne. Kwa mwanafunzi mwenye vipindi viwili vya mfululizo bila soketi karibu, hiyo tofauti ni kubwa.

Mizunguko michache isikufurahishe sana. Nimeeleza juu: betri ya mezani inaweza kuwa na mizunguko 60 na ikawa imezeeka kwa kukaa. Kilicho kibaya zaidi ni ripoti iliyo safi mno. Mashine ya mwaka 2018, FULL CHARGE CAPACITY sawasawa na DESIGN CAPACITY hadi tarakimu ya mwisho, mizunguko sifuri: hapo kuna mambo matatu yanayowezekana. Betri ni mpya kweli. Au ni ya kuiga ambayo kichipu chake hakijajifunza chochote na kinarudia namba kiliyopewa kiwandani. Au kuna mtu aliyefuta kumbukumbu za kichipu kwa kifaa maalumu, akaacha seli zilezile za zamani. Ripoti haiwezi kukutofautishia hayo matatu. Historia iliyo chini ya ukurasa haitasaidia pia, maana huanzia siku Windows ilipowekwa, na Windows pengine iliwekwa juzi.

Kwa hiyo ifanyishe kazi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho ambacho wateja wa Kariakoo hawakifanyi kwa sababu duka limejaa na kijana wa duka anakuharakisha. Kuna hila moja ya kuijua: usikubali kupima kuanzia asilimia 100. Betri iliyochoka hufanya vizuri kwenye sehemu ya juu. Udhaifu hujitokeza katikati kwenda chini, palepale ilipomshinda kaka yako. Mpigie muuzaji asubuhi, mwambie aiache mashine ikiwaka bila chaja hadi ifike kama 55, ukifika uikute hapo. Chomoa chaja kwa mkono wako. Pandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, cheza video ya ubora wa juu, fungua kurasa nyingi kwa wakati mmoja, iache nusu saa. Kwa kazi hiyo mashine itatumia kama wati 12 hadi 15, yaani wati-saa 6 hadi 7 na kitu. Kwa betri ya wati-saa 50, namba ya chaji kwenye kona ya skrini ishuke kwa asilimia 12 hadi 15. Ikishuka 20 au 22, ujazo halisi uko kwenye thelathini hivi. Ikishuka 30, hiyo ni betri ya saa moja na nusu. Kuliko namba yenyewe, tazama mwendo: ishuke moja moja. Ikiruka kutoka 48 hadi 37 ghafla, umeshaiona seli iliyochoka, hata kama ripoti iliandika asilimia 95.

Nusu saa ni ndefu ukiwa umesimama dukani, najua. Lakini wewe unakaa Dodoma. Waranti ya wiki mbili ya Kariakoo kwako maana yake ni nauli ya kurudi Dar na siku nzima ya masomo, na pengine muuzaji atakwambia betri haimo kwenye waranti. Kwa hiyo muulize kabla, na aandike kwenye risiti: namba ya mashine, na kwamba waranti inagusa betri. Risiti iwe ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Karatasi ya daftari yenye muhuri ni nzuri kwa kumbukumbu zako tu.

Baada ya kuishusha, chomeka chaja na uone inapanda. Usiruke hatua hii, maana lawama nyingi zinazoangukia betri ni za chaja. Mfano mzuri ni Dell: chaja zake za pini ya duara zina waya mwembamba wa katikati unaojitambulisha kwa mashine, na ukikatika, laptopu inawaka kama kawaida ila inakataa kuchaji betri, na prosesa inapunguza kasi. Mtu ananunua betri, anaiweka, hakuna kilichobadilika. Kwa HP yako, hakikisha unapewa chaja ya wati 65 na si chaja yoyote yenye kichwa kinachoingia. Kama duka lina chaja nzuri ya USB-C, ijaribu pia kwenye tundu la USB-C. 840 G5 inachajika hapo, na tundu likikataa ni bora ulijue leo. Na ikigoma kupita asilimia 80, usiseme betri ni mbovu papo hapo. Laptopu nyingi za ofisini zina mpangilio ndani ya BIOS, programu inayowaka kabla ya Windows, unaozuia chaji isijae ili betri iishi muda mrefu. Bonyeza F10 wakati wa kuwasha uangalie. Ikiwa BIOS inadai nenosiri ambalo muuzaji halijui, mimi ningeiacha mashine hiyo, na si kwa sababu ya betri pekee.

Tuje kwenye elfu sabini. Sikatai kwamba unaweza kupata betri nzuri, ila neno "orijino" kwenye duka la vipuri linatumika kwa vitu vinne tofauti: betri ya HP yenyewe, betri ya kiwanda kingine iliyotengenezwa kwa uaminifu, betri ya kuiga yenye stika ya HP, na betri iliyotolewa kwenye mashine nyingine ikafutwa vumbi. Hata ile ya kwanza ina tatizo lake. 840 G5 ni ya 2018. Betri ya HP iliyotengenezwa miaka ile na kukaa kwenye sanduku mpaka leo ni mpya kwa maana ya kutotumika tu. Na kuisafirisha si rahisi: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake, bila kifaa, haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Wa bei nafuu huzileta kwa meli, taratibu, kwenye joto la kontena. Kwa hiyo betri "orijino" ya HP kwa elfu sabini, ikiwa imewekwa kabisa, ningeishuku.

Binafsi sina ugomvi na betri ya kiwanda kingine ikiwa inajieleza. Mwambie muuzaji aiweke mbele yako. Mfuniko wa chini wa 840 G5 unatoka kwa skurubu chache, na betri imefungwa kwa skurubu, haijagundishwa. Ikiwa mkononi, soma stika. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Zidisha volti kwa ampea-saa: 11.55 mara 4.3 na ushee inakaribia 50. Stika inayodai wati-saa 70 kwenye umbo lilelile inakudanganya. Ipime kwa mkono dhidi ya ile ya zamani. Ikiwa nyepesi kwa namna unayoihisi, seli zake ni ndogo. Kisha irudie ile nusu saa ya video. Ikifaulu, toa elfu sabini yako. Ikiwa hataki kufungua mbele yako, usiongeze hata shilingi. Badala yake omba apunguze bei ya mashine kama ilivyo, na betri utaitafuta kwa fundi unayemjua Dodoma, ambaye unaweza kumrudia kwa miguu.

Na hapa nikwambie jambo ambalo hukuuliza. Betri ya mtumba inaweza kufa kabla hujamaliza shahada, hata ukiipata nzuri. Swali kubwa kuliko "betri hii ni nzima?" ni "ikifa, nabadilishaje?" Kwa kigezo hicho 840 G5 ni chaguo zuri, kwa sababu mashine hizi ni nyingi na betri zake zimejaa mitaani. MacBook Pro zenye kioo cha Retina, kuanzia 2012, betri zimegundishwa kwenye mwili wa mashine; kuzitoa ni kazi ya fundi mwenye subira na bei yake utaisikia. ThinkPad ni nzuri, lakini nyingi za kuanzia kizazi cha 2012 hukataa kuchaji betri isiyotambuliwa, zikikuandikia kwamba haikubaliki, kwa hiyo ukinunua ya kuiga hakikisha umeiona inachaji.

Kama bado hujatoa pesa, mwulize muuzaji kama ana ThinkPad T480. Ni ya 2018 vilevile, na ina betri mbili: ndogo ya ndani ya wati-saa 24, na nyingine unayoichomoa kwa vidole kutoka nyuma, ambayo hupatikana kwa ukubwa wa wati-saa 24, 48 hata 72. Unaweza kuichomoa ya nyuma mashine ikiwa inafanya kazi, ukaweka nyingine. Kwa mtu anayeishi na mgao wa umeme, sijui laptopu ya bei hiyo inayomfaa zaidi. Kasoro yake ni uzito, na kioo chake cha kawaida hakina mvuto. Iwe HP au hiyo, hakikisha prosesa ni Intel ya kizazi cha nane, si cha saba. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu.

Kuhusu kutumia bila betri: ndiyo, 840 G5 inafanya kazi kwa chaja peke yake, na kama betri imevimba ni lazima uitoe, si hiari. Lakini umeme ukikatika sekunde moja umepoteza ulichokuwa unaandika, na ukikatika wakati Windows inajisasisha unaweza kuamka na mashine isiyowaka. Kwa wiki moja ukisubiri betri, sawa, huku ukihifadhi kazi kila dakika chache. Kwa mwaka wa masomo, hapana, labda uwe na UPS, kifaa kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, na hiyo UPS inakaribia bei ya betri.

Kwa kaka yako, ajaribu jambo moja kabla ya kununua. Aijaze hadi 100, aiache imechomekwa saa mbili zaidi, kisha aitumie bila chaja hadi izime yenyewe, aijaze tena bila kuikatiza, na arudie mara moja. Kichipu kitajirekebisha. Ikiwa shida ilikuwa hesabu, itaacha kuzima kwenye 40. Ikiwa ni seli, namba ya kwenye kona itaanza kusema kweli, yaani itamwonyesha saa moja badala ya tatu, na hapo anunue nyingine. Ya zamani asiitupe kwenye shimo la taka wala asiichome. Abandike utepe wa gundi kwenye meno ya kiunganishi, aiweke mbali na joto, ampelekee fundi anayekusanya betri chakavu. Na akiiona imeanza kuvimba, asianze hata hilo zoezi la kuchaji. Aitoe leo.